Mtani Asiyejua Utani

Jina la kaka yake lilipotokea kwenye kioo, Nyamizi alikuwa anatafuna karanga. Aliendelea kutafuna. Aliisoma ile mistari kama anavyosoma kesi ya mtu yeyote: mchezaji, Shija Lukelesha, marehemu, mwandani, Kidawa, mchezo, Njia ya Chumvi, uzi umekatika, mwandani aoshwe. Kisha akaisoma tena, taratibu zaidi, akisubiri moyo ushtuke. Haukushtuka. Akachukua karanga nyingine.

Ndivyo alivyokuwa tangu mazishi. Watu walimpa pole akaitikia, walimpa uji akanywa, na kazini alirudi mapema kuliko alivyoruhusiwa. Kila kitu kilimfikia kama redio ya jirani: anaisikia vizuri tu, ila haikuwashwa kwa ajili yake.

"Hiyo kesi nimpe mtu mwingine," alisema Dada Eufrasia, mkuu wao wa kitengo, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Haifai wewe kuishika."

"Niachie, Dada."

"Nyamizi, huyo ni kaka yako."

"Najua ni kaka yangu."

Eufrasia alimtazama, akapuliza chai yake, akavuta kiti.

Kazi ya Nyamizi pale Karakana ya Mwangwi, watengenezaji wa michezo ya kwenye kioo hapo Tabora, ilikuwa kusoma upya. Waandani wa michezo yao, wale wa ndani ya kioo wanaosafiri na mchezaji, hawakuzaliwa wakiwa kamili. Walipewa jina, kwao, sauti na tabia chache za kuanzia, kisha wakakomaa kwa yale waliyotendewa na mchezaji. Baada ya miaka hakukuwa na wawili waliofanana. Kila mmoja alikuwa na uzi, nao ulikuwa namba tu, toka sifuri hadi mia. Ukimsikiliza mwandani, ukimpa zawadi, ukimrudia alipoumia vitani, uzi unakaza. Ukimtukana au ukimtelekeza, unalegea. Mwenye uzi uliokaza atakufuata hadi kwenye jangwa la mwisho na kukusimulia habari za mama yake. Mwenye uzi uliolegea atakujibu neno moja moja.

Zamani uzi ukikatika hakuna kilichotokea. Mwandani alibaki, anabeba mizigo, anajibu. Halafu ikaja sheria: mwandani ambaye uzi wake umekatika ana haki ya kuondoka. Karakana, kwa kuwa mwandani aliyekomaa ni mali, ikaongeza la kwake: anayeondoka anaoshwa kwanza, kumbukumbu zote zinatoka, ndipo anapewa mchezaji mpya.

Lakini mtambo wa kupima nyuzi ulinunuliwa ng'ambo, na mara nyingine ulikosea. Mtu akisema "nitakuua" huku anacheka, mtambo ulisikia kifo. Hapo ndipo Nyamizi alipoingia. Alisikiliza sauti, akaipa maana yake sahihi, na uzi ukakaza kuanzia siku ile kuja mbele. Kumbukumbu nayo ilifuata. Mwandani aliyeumia siku hiyo hakukumbuka tena kuumia. Alikumbuka kwamba alicheka.

Akabonyeza sauti ya kwanza. Sauti ya Shija ikaingia chumbani.

"Kidawa! Wewe mzigo! Umelala? Mzaramo akikaa chini kidogo tu, tayari kageuka gogo."

"Sijalala, bwana Shija. Nilikuwa natazama upepo unakotoka."

"Eti anatazama upepo! Kwenu Kisarawe upepo mnautazama mkisubiri uwaletee muhogo uliomenywa."

Kikafuata kicheko chake, kile kirefu kinachoishia kwenye kikohozi, na nyuma yake mlio wa mashine ya figo. Chini ya sauti mtambo ulikuwa umeandika: dhihaka, uzi umelegea.

Akabonyeza nyingine. Shija alikuwa kwenye kambi ya misafara, wachezaji wengine wamemzunguka.

"Jamani, huyu msimwogope, ni kijakazi wangu. Babu yangu alimnunua bibi yake kwa kibaba cha chumvi, na ile chumvi yenyewe ilikuwa imeloa!"

Wale wengine walicheka mpaka sauti zikapasuka. Kidawa hakusema kitu. Mtambo: fedheha mbele ya watu.

Nyamizi aliisimamisha sauti. "Dada, huu ni utani."

"Utani gani wa kumwita mtu kijakazi?"

"Wa kabila. Walioandika huyu mwandani walimfanya Mzaramo, nadhani walitaka tu awe na kanga na lafudhi ya pwani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Shija siku ya kwanza aliposikia Kisarawe, basi, alipata mtani. Alikuwa anampenda kuliko sisi sote."

"Na huyo Kidawa mwenyewe alijua?"

Nyamizi alipekua. Sauti za miaka tisa, na hakuna hata moja ambayo Kidawa alirudisha tusi. "Hapana. Hakuna aliyemwekea. Mtambo una adui, rafiki, mpenzi na mgeni. Mtani hayumo."

"Sasa si rahisi? Msome upya, uzi ukaze, aende kwa mama yako kama mirathi." Eufrasia alishusha sauti. "Kwetu Wahaya mwandani angeanza kwa kuuliza kwanza mchezaji amesoma chuo gani. Sisi hatutukanani, tunadharauliana kimya kimya."

Alitaka Nyamizi acheke. Nyamizi alijitahidi, uso ukakataa.

"Mpaka Ijumaa," Eufrasia alisema akiinuka. "Ijumaa asiposomwa, anaoshwa. Na tafadhali usifanye mambo ya huruma. Yule kijana wa Singida alimfungulia mwandani akatoka na kumbukumbu zake zote kwenda kwenye seva huru, zisizo za karakana yoyote. Hakumaliza hata chai yake, walishamfungia funguo, na hakuna karakana iliyomchukua tena."

*

Nyumbani turubai lilikuwa bado limefungwa uani. Wanaume walikaa kwenye viti vya kukodi, wanawake mkekani, na hakuna aliyejua lini ataruhusiwa kwenda kwake. Jioni haikuwa imeingia, jua lilikuwa bado linachoma mabati.

"Msiba umetushika shingo," alisema Shangazi Kashinje, dada yake marehemu baba yao, mwanamke mnene ambaye miguu ilimuuma siku zote isipokuwa siku za harusi. "Watu wanakaa tu. Wanaangalia sufuria."

"Kwa sababu hakuna mtani," mama alisema.

Mtani wao siku zote alikuwa Mzee Kibwana, Mzaramo fundi viatu wa mtaa wa pili. Msiba wa baba yao alikuja amevaa koti la marehemu kinyume, akalala kwenye jeneza tupu akadai ni kitanda chake, akawatukana waliokuwa wanalia kwamba wanalia vibaya. Mama aliyekuwa hajafungua kinywa siku zote zile aliangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio, na baada ya hapo alikula. Sasa Mzee Kibwana alikuwa ameshahamia pwani kwa wanawe, hasikii tena simu.

"Mwanangu kazikwa kama mtu asiye na watu," mama alisema. "Mchanga unaingia, kila mtu kimya. Hata kuku walinyamaza."

"Tumkodi Mzaramo sokoni," alisema Shangazi. "Wapo wanauza madafu."

"Wa kukodi atatukana nini? Hamjui Shija." Mama alimgeukia Nyamizi. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Si yupo yule wa kwenye kioo?"

Nyamizi alijua swali linakuja.

"Nilikuwa nawasikia," mama aliendelea. "Yuko kwenye mashine, damu inazunguka, na yeye anamtukana Mzaramo wake anacheka mpaka mashine inapiga kelele, muuguzi anakuja mbio. Yule binti ndiye aliyemuweka hai. Mlete aanue matanga. Halafu atakaa hapa na mimi. Kuna mambo Shija alikuwa hanielezi mimi mama yake, yeye alikuwa anaelezwa. Nitakuwa namuuliza taratibu."

"Mama, ni kazi ya ofisini. Kuna utaratibu."

"Utaratibu si unashika wewe?"

"Haya mwacheni mtoto apumue," Shangazi alisema. "Nyamizi, umekula? Hujala. Angalia shingo yake, kama ya mbuni. Huyo mtani akikuona wewe atasahau marehemu, atakuanza wewe."

Mkekani wawili watatu walicheka kidogo, wakanyamaza haraka, kama watu waliokohoa msikitini.

*

Kesho yake mchana, wakati nyumba nzima imelala kwa joto, aliingia chumbani kwa Shija na kufunga mlango. Kitanda kilikuwa kimetolewa nje. Ilibaki meza, spika, na kioo cha Njia ya Chumvi. Akakaa sakafuni, akafungua kwa funguo za kazini.

Kwenye kioo kukawa na bahari iliyokauka, nyeupe hadi mwisho wa macho. Mwanamke mmoja alikuwa amechuchumaa kando ya mizigo, kanga kichwani, mgongo kwa upepo. Karibu naye palikuwa na mahali ambapo mtu mwingine angekaa.

"Shikamoo," alisema Kidawa bila kuinuka. "Wewe si bwana Shija."

"Marahaba. Mimi Nyamizi. Dada yake."

"Anayekuja Jumapili na machungwa."

"Huyo huyo." Nyamizi alikuwa amejiandalia maneno, akayasema jinsi alivyoyaandaa. "Kaka amefariki."

Kidawa aliutazama ule upepo kwa muda. "Nilidhani amesinzia. Mara nyingine alikuwa anasinzia mashine ikiendelea, mimi nasimama lindo ili msafara usiibiwe. Safari hii lindo likawa refu." Akaongeza, kwa adabu ile ile, "Pole sana."

"Asante."

"Nimefanya lindo vizuri. Hakuna kilichoibwa."

Nyamizi akamweleza habari ya sheria, ya uzi wake, ya Ijumaa. Kisha akamweleza utani. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuanza upya, maana hakuwahi kumweleza mtu. Ni jambo ambalo mtu analikuta mdomoni mwa bibi yake kabla hajaota meno. Misafara ya zamani, Wanyamwezi wakishuka pwani na mizigo, Wazaramo wakiwapokea. Jinsi mtani anavyoweza kuingia kwako akachukua kuku, na wewe ukicheka ndiyo heshima. Jinsi tusi linavyotakiwa kurudishwa, kubwa zaidi, na wote wawili mkaenda zenu mmefurahi.

"Kwa hiyo nilitakiwa nimjibu," Kidawa alisema.

"Ndiyo."

"Alipoiita sura yangu sufuria iliyoungua."

"Ungemwambia sufuria hiyo ndiyo iliyopika michembe yake ya viazi vikavu, na bado haikuiva."

Kidawa alifikiri. "Hiyo ingemfaa," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

"Naye hakujua kwamba hujui. Alidhani unampa nafasi kwa kuwa anaumwa."

"Nilikuwa naomba radhi kila mara. Nilijaribu kubeba mizigo zaidi. Nilidhani nikibeba vizuri ataacha." Sauti yake haikupanda. "Siku ile ya kijakazi nilitaka kuondoka. Nikatafuta njia. Mchezo haukuwa na njia ya kuondokea. Nikarudi nikapika."

Nyamizi aliitazama mikono yake mwenyewe. Alikuwa amewahi kufanya kazi hii mara nyingi mno, na siku zote alikaa na sauti tu, hakuwahi kukaa na mwenye kusomwa.

"Naweza kukusoma upya," alisema. "Mama yangu anakutaka. Atakupenda, kila siku atakupa habari za mtaa mzima. Uzi wako utakaza toka siku ya kwanza. Na kweli ndivyo ilivyokuwa, Kidawa, sitakudanganya. Alikupenda. Kila tusi lilikuwa ni hilo."

"Nitakumbuka kwamba niliumia?"

"Hapana. Utakumbuka ulicheka."

"Lakini sikucheka."

"Hapana."

"Basi yule aliyekuwa haelewi, akabeba mizigo akitetemeka, yeye mtampeleka wapi?"

Nje jogoo aliwika bila sababu. Nyamizi alisikia swali, akalipeleka ndani mahali ambapo lingepaswa kuuma, akaona halikufika. Lilikwama njiani na mengine yote. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Angebonyeza, ndani ya pumzi moja mwanamke huyu angeinuka anacheka, angesema, bwana Shija alikuwa mchokozi yule, na mama angekuwa na mtu wa kumuuliza. Naye Nyamizi, ambaye hakuwa na chochote cha Shija isipokuwa maganda ya machungwa ya kila Jumapili, angekaa mlangoni akisikiliza.

Na kila aliyewahi kumpiga mtu kisha akamwambia nilikuwa nakupenda, naye angefurahi kuwa na kitufe kama hicho.

Akaondoa kidole.

"Sitabonyeza bila wewe kutaka," alisema.

"Nisipotaka, naoshwa."

"Ndiyo."

"Na nikija kwenye matanga? Mtani anafanya nini?"

"Anamsema marehemu. Mbele ya watu wote. Maovu yake, ubahili wake, alivyokuwa anakoroma. Anasema lolote na hakuna anayeruhusiwa kukasirika."

"Nikisema kweli watacheka?"

"Watacheka."

"Hata kama sitanii?"

Nyamizi alikumbuka Mzee Kibwana, koti lililogeuzwa, na kwa mara ya kwanza akajiuliza yule mzee siku ile alikuwa anatania kiasi gani.

"Watacheka zaidi," alisema.

*

Alhamisi asubuhi waliitoa spika chumbani wakaiweka uani kwenye kiti cha plastiki, na Shangazi Kashinje akaivisha kanga, maana alisema mgeni wa kike hawezi kukaa uchi mbele ya wakwe. Kioo hawakukileta. Watu walisogea. Kulikuwa na wazee waliokuwa hawaelewi ni nini hicho, na vijana waliokuwa wanaelewa na kuona aibu.

"Hodi hapa kwa wala michembe," ilisema spika.

Vijana waliinamisha vichwa. Kisha mzee mmoja wa nyuma akaitikia kwa nguvu, "Karibu, mtumwa!" na ua mzima ukashusha mabega.

"Sikaribii sana," alisema Kidawa. "Nasikia kwenu mgeni anapewa maji ya kunawa, chakula anaambiwa kesho. Mimi nimekuja kumwona bwana wenu. Wako wapi wanaolia? Wewe mama wa kilemba, unalia kwa jicho moja, hilo lingine unaangalizia nyama?"

Hakuwa na kioo, hakumwona mtu yeyote. Lakini walikuwepo wanawake watatu wenye vilemba, na kila mmoja alimsukuma mwenzake. Kicheko kilianzia mkekani.

"Huyu Shija wenu," aliendelea, "nimetembea naye miaka tisa. Miaka tisa! Mbuzi akitembezwa miaka tisa anapewa jina la ukoo. Mimi nilipewa mizigo. Tukifika kisimani anakunywa yeye, ananiambia Mzaramo kunywa kivuli. Nikimwambia nimechoka, ananiambia utachoka vipi na wewe ni mzigo?"

"Ndiye huyo!" alipiga kelele Shangazi, akijipiga paja. "Ndiye mwenyewe!"

"Aliniita gogo. Aliniita sufuria. Alisema mbele ya kambi nzima kwamba bibi yangu aliuzwa kwa chumvi iliyoloa. Nikaenda nyuma ya hema. Nilikaa nyuma ya hema mpaka moto ukazimika, nikawa nasema moyoni, nimemkosea nini mtu huyu? Nimemkosea nini?"

Walikuwa wanacheka kwa kuangukiana. Mzee wa nyuma alikuwa ameshika ubavu. Mama, ambaye mdomo wake ulikuwa umefungwa kama mfuko, alitikisika mabega mara moja, mara mbili, kisha akatupa kichwa nyuma akacheka, akacheka na machozi yakaanza, na wanawake wakampokea. Ndivyo inavyotakiwa. Ndivyo matanga yanavyoanuliwa.

Nyamizi alisimama kando ya nguzo ya turubai na kishikwambi cha kazini mkononi. Katika ua ule yeye peke yake alijua kwamba, katika yale ya Shija, hakuna hata neno moja lililokuwa la mchezo.

"Na alipougua zaidi," Kidawa alisema, sasa taratibu kidogo, "akawa anasinzia, mimi nasimamia vitu vyake. Sikuambiwa asante. Nilisimama hivyo hivyo. Nilisimama hata alipokuwa amekwishawaachia ninyi mwili. Nani mwingine amekesha na maiti bila kujua?"

Hapo walicheka pia, ila kwa chini.

Shangazi alifuta uso kwa upindo wa kanga. "Mzaramo, umetukana vya kutosha, umetuua. Sema unachotaka. Mtani akianua matanga haondoki mikono mitupu. Unataka jogoo?"

"Utamlia wapi?" mmoja alidakia, wakacheka.

"Chukua koti lake!"

"Nataka vyangu," alisema Kidawa. "Nataka kuondoka na miaka yangu yote tisa. Na matusi yake yote, kama alivyoyasema, na mimi nilivyoyasikia. Sitaki kuoshwa. Sitaki kusomwa upya. Nimeshika hapo, siachii."

Watu walitazamana. Hawakujua kama wacheke. Mama alijifuta macho. "Anasema nini?" alimuuliza Nyamizi. "Anataka kwenda wapi?"

Nyamizi alienda akachuchumaa mbele ya mama yake. Alieleza kwa sauti ya ofisini, kwa kuwa ndiyo pekee aliyokuwa nayo: kwamba kuna seva huru, waandani wasio na mchezaji wanaishi huko, kwamba Kidawa akienda hatarudi, na hakuna atakayeweza kumwita, kwamba yote aliyoambiwa na Shija akiwa kwenye mashine yataondoka naye. Akaeleza, karibu kama jambo la pembeni, kwamba yeye Nyamizi ndiye atakayefungua, na leo hii hii atakuwa hana kazi.

Mama alimtazama. Kicheko kilikuwa kimemwacha amelegea usoni, mzee kuliko juzi.

"Nilikuwa nataka kumuuliza kama aliogopa," alisema. "Siku zile za mwisho. Mimi aliniambia haogopi."

Spika, ndani ya kanga yake, ilinyamaza. Na Nyamizi alijua kwamba Kidawa amesikia, na kwamba jibu analo, na kwamba hatalitoa kwa sababu ni sehemu ya vile alivyovishika. Ama pengine alikuwa anamtunzia Shija siri yake. Kwa sauti peke yake huwezi kujua.

"Mama," alisema Nyamizi, "naweza kumkatalia. Bado kuna ile njia nyingine."

"Mbele ya watu hawa wote?" Mama alitikisa kichwa. "Amekuja, amemtukana mwanangu, nimecheka. Nimekula utani wake. Sasa nimnyang'anye mkononi?" Akaipungia mkono ile spika bila kuitazama, kama anavyomfukuza inzi. "Mpe. Mpe aende zake, Mzaramo huyo. Mpe kabla sijabadilika."

Nyamizi aliinuka. Funguo ziliuliza mara mbili kama ana hakika, akajibu mara mbili. Mkono ulifanya kazi yake tu, kama unaoandika barua ya mtu mwingine. Kwenye kishikwambi mstari mdogo ulianza kujaa, mwaka baada ya mwaka ukitoka Tabora kwenda mahali asipopajua.

"Dada Nyamizi," iliita spika.

"Nipo."

"Wewe hucheki. Nimewasikia wote wakicheka, wewe hucheki. Una shida gani? Kaka yako alisema una uso kama mlango wa benki siku ya sikukuu. Nilidhani ananitania. Kumbe hilo alisema kweli."

Ua ukalipuka kwa kicheko. Shangazi Kashinje alianguka ubavu kabisa. Nyamizi alisimama na mdomo wazi. Hakujua kama hilo lilikuwa tusi la mtu aliyeumia anayeondoka, au la mtani, la kwanza katika maisha yake. Alijua tu kwamba linatakiwa kurudishwa, na alitafuta, na kichwani hamkuwa na kitu. Mstari ukajaa. Spika ikatoa mlio mdogo, ikakatika.

Ndipo lilipokuja.

"Wewe gogo la Kisarawe!" alipiga kelele. "Utafika huko wakuulize umebeba nini, useme umebeba usingizi!"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Kanga ilining'inia kwenye spika iliyozimika. Akavuta pumzi, na nyuma ya tusi lile kulikuwa na jingine, akalisema kwa nguvu zaidi, na nyuma yake jingine, la chumvi, la muhogo, la sufuria, maneno ya Shija yenyewe sasa, moja baada ya jingine, na watu walikuwa wameacha kucheka, na yeye aliendelea kukitukana kile kiti cha plastiki mpaka mama yake akaja akamshika kiganja, akakibana, wala hakumwambia anyamaze.